Kipengele cha Kumi na Moja

Siku ile nilipanda ngazi za duka la dawa nimeikumbatia bahasha kifuani kama mtoto mchanga, na kila ngazi nilijiambia neno lile lile: leo usinyamaze. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata kijana ninayempenda, tangu siku ya kwanza aliponikuta nimelala chini ya kaunta nafunga nyaya za kompyuta, aliniita Kimya, na jina likanikaa.

Yeye ni wakili. Kijana mrefu, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo la kweli. Na ni mtoto wa pekee wa mama mwenye duka. Balaa langu lilianzia hapo.

Mama yake ni mfamasia, ana maduka saba. Wafanyakazi wakiwa peke yao humwita Mama Vidonge, lakini viatu vyake vikisikika kwenye korido kila mtu anakumbuka adabu. Programu yangu nilikuwa nimeitengeneza kwa miaka miwili kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya baba yangu, fundi cherehani, meza yangu ikiwa katikati ya mabunda ya vitambaa. Inakumbuka kila dawa inaharibika lini, na mteja akiandikiwa dawa mbili zinazogombana, inapiga kelele kabla hajaondoka kaunta. Mama Vidonge aliijaribu mwezi mzima katika duka moja. Akaipenda. Akasema, "Niletee mkataba wa leseni, niiweke maduka yote saba."

Na mimi, na akili zangu timamu, nikafanya kile tunachofanya wengi wa kazi hii. Nikachukua leseni moja ya mtandaoni, nikaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nikafuta jina la programu ya watu, nikaweka jina la programu yangu, nikachapisha. Nani anasoma zile leseni? Sote tunabonyeza "Nimekubali" tunaendelea na maisha.

Kumbe mfamasia anasoma.

"Mimi nimesoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa miaka thelathini," aliniambia, mbele ya dada wa kaunta na wapakuaji wawili wa mizigo. "Siruki hata mstari. Sasa, binti, nielimishe. Kipengele cha kumi na nne kinasema mtumiaji haruhusiwi kuuza magari aliyoshinda kwenye mashindano. Magari yangu yako wapi?"

Nilikuwa nimechukua leseni ya mchezo wa mbio za magari.

Dada wa kaunta alijificha nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi, akacheka mpaka akakohoa kweli.

"Na hapa," Mama Vidonge akaendelea bila kupandisha sauti, "tukikosana, kesi yetu itasikilizwa kwenye mji ambao hata jina lake ulimi wangu unalikataa. Wewe umewahi kufika huko?"

"Hapana, Mama."

"Na mimi sijawahi. Sasa tukifika atatupokea nani?" Akanirudishia karatasi zangu. "Nakupa wiki moja. Niletee mkataba unaofuata sheria za hapa, na niuelewe bila kamusi. Ukishindwa, kuna kampuni kubwa imeshanipigia simu mara tatu."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Sikulia. Nililia nilipofika kwa baba, tena kwenye kitambaa cha mteja, ikabidi kifuliwe.

Kesho yake Wakili akanifuata karakana. Baba alikuwa kwenye cherehani yake mbele, sisi tukasimama nyuma katikati ya suruali zilizotundikwa, na kila mmoja anaongea na suruali kuliko kumtazama mwenzake.

"Nitakuandikia mimi," akasema.

"Wewe ni wakili wa mama yako."

"Saa za kazi."

"Sasa hivi saa ngapi?"

Akaangalia saa yake. "Kumi na nusu."

"Basi bado uko kazini."

Akacheka kidogo, halafu akavua miwani. Moyo wangu ukajua kabla ya masikio. "Kimya, sikiliza. Nataka siku utakayoingia nyumbani kwetu uingie umeinua kichwa. Ukiikosa kazi hii, Mama hatakusikiliza tena. Si kwa programu, wala kwa hili letu. Tayari anasema mtoto wa fundi cherehani anatafuta kupita mlango wa duka aingie mlango wa nyumba."

"Anasema hivyo?"

Akaanza kukunja mguu wa suruali iliyokuwa mbele yake. Nikajua anasema hivyo, na pengine mabaya zaidi.

"Sasa nikiipata kwa mkono wako," nikamwambia, "nitakuwa nimemthibitishia. Nitaingia kwenu kichwa chini, na kitabaki chini maisha yangu yote."

"Hatajua."

"Mimi nitajua."

Aliondoka, lakini aliacha bahasha juu ya mabunda ya vitambaa. Nisidanganye, niliifungua. Ulikuwa mkataba mzuri, lugha inateleza kama hariri, na kila mstari ulikuwa umenizungushia mikono kunilinda. Niliusoma mara moja. Kipengele cha tisa nikakisoma mara mbili. Halafu nikaurudisha ofisini kwake, nikaiacha bahasha mapokezi bila hata kumsubiri, kwa sababu ningemwona ningebadili mawazo.

Siku tano zilizofuata nilizimalizia maktaba. Nilisoma sheria ya mikataba, ya hakimiliki, ya kulinda taarifa za watu, na ya kumlinda mlaji. Mwanzoni nilikuwa nasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima. Halafu nikagundua kitu kilichonifurahisha peke yangu: sheria nayo ni kama programu. Ikiwa hivi, basi vile. Isipokuwa hivi, basi vile tena. Nikaanza kuielewa. Nikaandika mkataba wangu kwa lugha tunayoongea, nikaupeleka kwa wakili mmoja mama wa makamo, ambaye ofisi yake iko chini ya ngazi karibu na mahakama. Akanisahihishia sehemu tatu, akaniuliza, "Umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye vitambaa." Akadhani namtania.

Ndiyo bahasha hiyo niliyoikumbatia.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ya kioo, feni inayolia, na friji ndogo ya chanjo yenye taa ya kijani. Mama Vidonge alikaa mwisho wa meza na koti lake jeupe. Wakili alikuwa upande wake wa kulia. Alininyanyulia macho mara moja tu, akayarudisha kwenye kalamu yake, na mara hiyo moja ilitosha kunisahaulisha nilikuwa nakuja kufanya nini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, Fundi Kompyuta. Leo umeniletea nini? Baiskeli?"

"Nimekuletea mkataba, Mama."

"Haya." Hakuupokea. Badala yake alifungua droo, akatoa bahasha nyingine, akailaza juu ya kioo. Niliitambua kabla hajaifungua. Uso wa Wakili ukabadilika rangi.

"Hii niliikuta mapokezi, ofisini kwa mwanangu," Mama akasema taratibu. "Hakuna jina, lakini mwandiko wa mwanangu naujua hata ukipigwa chapa. Anapenda sana neno 'kwa mujibu wa'. Tangu darasa la nne. Sasa, binti, kabla hujanipa chako, nakupa nafasi ya kuondoka na heshima yako. Chako ni hiki?"

"Mama," Wakili akaanza.

"Wewe nyamaza. Zamu yako inakuja."

Feni ikalia mizunguko miwili mitatu. Zamani ningenyamaza. Ningechukua bahasha yangu, nikashuka ngazi, nikaenda kulilia kitambaa kingine cha mteja.

"Siyo hiki," nikasema. "Alinipa. Nilikisoma, nikakirudisha. Changu ni hiki hapa. Vilaze pamoja, Mama, usome mwenyewe. Huruki mstari."

Akanitazama. Halafu akailaza mikataba pamoja, wa mwanawe kulia, wangu kushoto, akavaa miwani ya kusomea, akaanza. Alisoma na kidole, kama anavyosoma vikaratasi vyake. Dakika nyingi zilipita. Nilihesabu matundu kwenye mfuniko wa friji. Wakili alikuwa ananitazama sasa bila kificho, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu kimoja tu: uliweza?

"Hapa," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Unasema unanipa ruhusa ya kutumia, huniuzii. Mimi napenda kununua vitu viwe vyangu. Niuzie kabisa, tumalizane."

"Haiuzwi, Mama."

"Kwa nini? Baba yako hauzi anachoshona?"

"Anauza gauni. Hauzi mkasi."

Kidole kilisimama pale karatasini. Kisha kikaendelea.

"Taarifa za wagonjwa?"

"Ni zako na za wagonjwa wenyewe. Mimi siruhusiwi kuzichukua, kuzionyesha mtu, wala kuzitoa nje ya nchi bila ruhusa yao. Hata nikija kurekebisha kitu, dada wa kaunta anakaa pembeni yangu."

"Tukikosana?"

"Tunaongea kwanza siku kumi na nne. Tukishindwa, msuluhishi. Tukishindwa tena, mahakama ya hapa hapa mjini. Unaweza kwenda kwa miguu."

"Na viatu hivi?" Lakini nilimwona mdomo wake unacheza. Akageuza ukurasa. Ghafla akasimamisha kidole, akakipeleka kulia kwenye mkataba wa mwanawe, akakirudisha kushoto kwangu. Akavua miwani. Kumbe ile tabia ilirithiwa.

"Kipengele cha tisa cha mwanangu kinasema mwenye programu hatawajibika kwa hasara yoyote, ya aina yoyote, iliyosababishwa na chochote." Akamgeukia. "Yaani programu ikosee, mgonjwa wangu adhurike, mimi nibebe peke yangu. Mwanangu mwenyewe anamwandikia mtu anikabe koo."

"Sikukusudia hivyo, Mama."

"Ulikusudia nini?"

Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa la kutolewa mbele ya friji ya chanjo.

"Halafu huyu," akaninyooshea kidole, lakini sauti ilikuwa imepungua makali, "kipengele chake cha kumi na moja. Nakisoma kama kilivyo. 'Programu ikikosea kwa uzembe wangu, nitairekebisha ndani ya siku moja, na hasara itakayothibitishwa nitaibeba mimi.' Binti, mwanangu alikupa ngao ukairudisha, ukaja kifua wazi. Wakili gani alikushauri?"

"Kipengele hicho sikushauriwa na wakili."

"Nani basi?"

Nikakumbuka ule uvumi wa mtoto wa fundi cherehani anayetafuta mlango. Nikainua kichwa.

"Baba yangu. Fundi cherehani." Nililitamka neno zima, kila silabi. "Kila nguo anayoshona anaigeuza ndani nje, anaipeleka dirishani kwenye mwanga, anaangalia mshono mmoja mmoja. Akiridhika anashona kitambaa kidogo chenye jina lake kwenye ukosi. Anamwambia mteja, ukifumuka, jina langu hilo hapo, nirudishie. Miaka ishirini na tano. Zimerudi nguo tisa, na anaikumbuka kila moja. Mimi nimekulia chini ya meza hiyo, Mama. Siwezi kukuletea kitu halafu nikasema chochote kikitokea hakinihusu."

Mama akarudisha kidole kwenye kipengele kile, akakisoma tena.

"Na zaidi ya hapo," nikaongeza, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi, "kipengele cha tisa cha Wakili kisingesimama. Sheria yetu haimruhusu mtu kujivua wajibu wa uzembe wake, hasa panapoguswa afya ya watu. Ungekipeleka mahakamani, hakimu angekifuta."

Wakili akafumba macho. "Ni kweli," akasema polepole. "Ni kweli kabisa. Nilijua. Nilifundishwa mwaka wa pili."

"Na ukaandika?" mama yake akauliza.

"Nikaandika."

"Mimi nimekusomesha sheria miaka mitano, unakuja kusahihishwa na fundi kompyuta?"

"Ndiyo, Mama," akajibu. Na hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau: hakuwa na aibu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe imemalizwa kujengwa. Alikuwa anajivunia mimi, waziwazi, mbele ya mama yake, kwenye siku aliyoshindwa yeye.

Mama Vidonge akatutazama, yeye, mimi, yeye tena. Mfamasia anajua dawa zinazogombana na anajua zinazosaidiana. Akachukua kalamu, akasaini kila ukurasa wa mkataba wangu, nakala zote mbili, herufi zake zimesimama wima. Mkataba wa mwanawe akaukunja mara nne, akausukuma ndani ya mfuko wa koti.

Nami nikasaini.

"Shahidi," akasema, akamsukumia mwanawe kalamu. "Saini hapo chini, tumalize."

"Samahani, Mama," nikasema. "Yeye hawezi."

"Kwa nini tena?"

"Shahidi asiwe mtu mwenye maslahi."

"Maslahi gani? Maduka ni yangu, programu ni yako. Yeye hapa ana maslahi gani?"

Sasa hapo ujasiri wangu wote ulikwisha, kama maji bombani. Nikaitazama friji. Taa ya kijani. Matundu ishirini na nne.

Nikasikia miwani ikiwekwa juu ya kioo.

"Ninayo, Mama," Wakili akasema. "Nataka kumuoa. Nilitaka kukwambia tangu mwezi wa pili. Yeye ndiye aliyekataa, alisema, 'Subiri mpaka nitakaposimama mbele ya mama yako kwa kazi yangu.' Sasa amesimama. Kama una la kusema, sema tukiwa wote hapa."

Mama yake alinyanyuka, akaenda mlangoni, akamwita dada wa kaunta aje kuwa shahidi. Dada akaja mbio, akasaini ulimi nje, macho yake yakisoma nyuso zetu kuliko karatasi, akatoka bila hamu ya kutoka.

"Nilisema maneno mabaya juu yako," Mama akaniambia mlango ulipofungwa. "Yalikufikia?"

"Yalinifikia, Mama."

"Yafute. Ukiona hayafutiki, niambie, nitakuja kuyafuta mwenyewe mbele ya baba yako." Akanipa nakala yangu, lakini hakuiachia mara moja, tukawa tumeishika wote wawili. "Na mwambie baba yako hivi. Huyu kijana nimemshona mwenyewe, peke yangu, tangu baba yake alipofariki. Akifumuka, jina langu lipo. Anirudishie."

"Mama, mimi nipo hapa nasikia," Wakili akalalamika.

"Usikie vizuri. Mpeleke binti kwao. Kwa miguu, mkataba wake unapenda kutembea."

Tulitembea. Kwenye kivuko cha barabara alinishika mkono, na tulipofika ng'ambo hakukumbuka kuuachia, wala mimi sikumkumbusha.

"Kipengele cha tisa," akasema mwishowe. "Ulijuaje nimekosea?"

"Nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mapenzi. Mara ya pili nikaona sheria."

"Ungeacha ile ya kwanza."

"Niliiweka. Si ndiyo maana nimekuja na wewe?"

Tulipofika karakana akasimama nje, mabega yamemwingia ndani ghafla, yeye anayesimama mbele ya mahakimu. Mimi nikaingia. Baba alikuwa anakata kitambaa. Nikaweka karatasi mbele yake bila neno. Aliweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akazichukua karatasi, na kabla ya kusoma chochote akazigeuza, akaangalia upande wa nyuma, kama anavyogeuza shati. Halafu akazipeleka dirishani.

Alisoma kipengele cha kumi na moja midomo ikicheza. Akarudia. Akafika ukurasa wa mwisho, kwenye jina langu, akaliwekea kidole gumba, akakipitisha juu yake polepole.

"Umeweka jina kwenye ukosi," akasema.

"Nimeweka, Baba."

Akakunja karatasi kwa mistari iliyonyooka, akaziingiza kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Halafu akanyanyua macho, akaangalia mlangoni.

"Na yule kijana pale nje anasubiri nini?"

"Yule ana maslahi, Baba."

Baba akamtazama kwa umbali, juu mpaka chini, jicho moja limefumbwa kidogo kama anayepima urefu wa mkono. Akasogeza kiti karibu na dirisha.

"Mwite," akasema. "Aje huku kwenye mwanga."